Kitufe cha "Niwekee"

Jana usiku nimefuta ukurasa niliokuwa naupenda kuliko zote kwenye programu yangu ya ratiba ya chakula kwa wanamichezo wa chuo. Ulikuwa na duara la rangi tatu, wanga, protini na mafuta, linalojaa kadiri mtu anavyokula siku nzima. Katika wiki sita za majaribio hapa Mtwara, hakuna mchezaji aliyeufungua mara ya pili. Wanachokibonyeza kila siku ni kitufe kimoja kidogo nilichokiongeza mwishoni kabisa.

Nilicheza netiboli nikiwa chuo, nafasi ya GA, mmoja wa wafungaji wawili wa timu, na njaa ya saa 1 usiku naikumbuka mpaka leo. Mazoezi yanaanza saa 10 jioni, jua la pwani bado kali, fulana zinalowa na joto hili haliziachi zikauke. Mnamaliza saa 12 na nusu, mnaoga, mnakimbilia kwa mama ntilie, mnakuta sufuria ya mbaazi imebaki mchuzi. Basi ni chipsi. Nilikula chipsi kavu usiku kwa miaka mitatu. Robo ya tatu ya mechi ikifika miguu inakuwa mizito, kocha ananiambia sina pumzi, na mimi nikaamini sina pumzi. Nilikuwa sijala.

Toleo la kwanza nililijenga kwa hesabu za lishe ya michezo zinazotumika duniani, na hizo sijaziacha. Mwanamichezo anahitaji protini gramu 1.2 hadi 2 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, maana yake mtu wa kilo 60 anatafuta gramu 72 hadi 120. Mlo mkubwa wenye wanga uliwe saa tatu au nne kabla ya mchezo, na baada ya mazoezi mtu asikae muda mrefu tumbo tupu. Shida ilikuwa orodha ya vyakula, niliyoichukua kutoka nje ya nchi kama ilivyo. Binti mmoja anayekimbia mita 1,500 aliandika "ming'oko", programu ikamjibu haipo. Ming'oko, mizizi ya porini ambayo huku tunaichemsha na kuila tangu utotoni! Akaniuliza, "Dada, kwa hiyo nilichokula hakihesabiki?" Siku hiyo sikuweza kuendelea na kazi.

Nikaanza upya na majedwali ya virutubisho vya vyakula vya Tanzania ya mwaka 2008. Ming'oko nikaiweka karibu na viazi vikuu, maana ni ukoo mmoja. Mihogo, kisamvu, kunde, dagaa, uji wa ulezi, vyote vikaingia. Korosho nayo, kwa kiganja: gramu 30 hivi, protini gramu 5. Inaniuma kwamba tunaishi katikati ya mikorosho na mwanafunzi bado anaiona korosho kama kitu cha kununulia mgeni.

Lakini gramu anazipima nani? Hakuna mwenye mizani bwenini. Nikaazima mizani ya jikoni nikaenda nayo kwa mama tunayekula kwake karibu wote, nikamwamkia, nikamweleza shida yangu. Alinipakulia kila kitu kwa mkono wake wa kila siku, nami nikawa naandika. Upawa wake mmoja wa mbaazi ulikuwa gramu 130, yaani protini gramu 9 hivi. Sasa programu inauliza pawa ngapi, na gramu zinabaki kwangu mimi.

Wakati napima ndipo nikamuuliza kwa nini mboga huisha kabla wachezaji hawajafika. Akaniangalia. "Mwanangu, nikijua wanakuja wangapi nitabakiza. Nisipojua, namuuzia aliye mbele yangu."

Miezi yote hiyo nilikuwa namfundisha mchezaji ale nini, na sahani yenyewe ilikuwa mikononi mwa mtu ambaye hata sikumfikiria. Nilirudi nyumbani nikaandika kitufe cha "Niwekee". Kabla ya saa 7 mchana mchezaji anachagua mboga na muda atakaofika. Saa 7 inatoka meseji moja ya kawaida kwenda kwenye kitochi cha mama: "Leo 11. Mbaazi 7, dagaa 4. Saa 1 usiku." Haihitaji simu kubwa wala bando. Anabakiza kwenye hotipoti, wanalipa wakifika. Siku ya kwanza waliagiza wanne na wote wakala mbaazi. Wiki ya tatu walikuwa kumi na mmoja.

Kosa moja langu nalisema ili mwingine asilirudie. Kompyuta inahesabu saa kuanzia usiku wa manane, na mimi nilisahau kupunguza saa sita kwenye meseji za ukumbusho. Siku ya mechi ya asubuhi mchezaji wa wavu aliletewa "kula saa 9", nikiwa nimekusudia saa 3 asubuhi. Akasubiri alasiri. Aliingia uwanjani na kikombe cha chai tu tumboni. Sasa kila muda unaandikwa kwa maneno: asubuhi, mchana, jioni, usiku.

Chai nayo imepata ukumbusho wake. Wasichana wengi wanaifuatanisha na chakula, na chai inauzuia mwili kufyonza chuma kilichomo kwenye mbaazi, kunde na kisamvu. Kwa msichana anayepoteza damu kila mwezi na bado anakimbia, hilo ni jambo kubwa. Kwa hiyo baada ya mlo programu inamwambia asubiri kama saa moja, na kama kuna ndimu au chungwa, ale pamoja na chakula, maana hilo linasaidia.

Kuna pia alama ya "Nimefunga". Wachezaji wetu wengi ni Waislamu, na ratiba inayomhimiza mtu kunywa maji saa 8 mchana ndani ya Ramadhani haimjui mtu huyo. Akiiweka, ukumbusho wote wa mchana unanyamaza, mlo unahamia kwenye futari na daku, na maji yanagawanywa kati ya hapo.

Sasa mama ana ombi. Meseji ya saa 7 mchana inamkuta ameshatoka sokoni, na dagaa wazuri wa Feri, soko la samaki, huwahiwa asubuhi. Anataka hesabu ya kesho aipate leo usiku. Wachezaji wanasema hawawezi kujua kesho watakuwa na pesa ama la, hasa bumu, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa. Nimewaomba wote tukutane Jumamosi baada ya mazoezi, pale pale kibandani kwake.