Wifi alitaka akatwe kimio, nikachungulia koo mwenyewe

Mtaani kwetu Chikongola, mtoto akikataa kula siku moja tu, watu wameshajua: ana kimio, apelekwe kwa fundi akakatwe. Wifi yangu naye: "Wifi, wembe mara moja tu, amepona." Nikikumbuka bado napandwa na hasira. Kimio ni kile kinyama kinachoning'inia katikati ya koo, kila mtu anacho. Tonsili, zile zinazovimba koo likiuma, ziko pembeni, huku na huku. Ukikata kimio, tonsili zinabaki palepale na mtoto umemwongezea kidonda.

Mwanangu ana miaka sita. Alipata homa, akakataa ming'oko, vile viazi pori vyetu. Ming'oko! Huyu ambaye huwa tunamficha sufuria. Akimeza mate anakunja uso.

Basi nimchungulie. Nikaingiza mpini wa kijiko, akauuma. Nikajaribu tena, akanitapikia uji kwenye kanga. Ndipo nikamwambia tushindane kunguruma kama simba, mdomo wazi, ulimi nje. Alinguruma huyo, mpaka jirani akaita! Nami na tochi ya simu nikaona kila kitu: tonsili nyekundu, zimevimba karibu zigusane, zina madoa meupe kama tui lililoganda. Kijiko cha nini tena? Chini ya taya kulikuwa na vinundu, ukivigusa analia. Na hakuwa na kikohozi wala mafua. Hilo lishikeni, maana vikiwepo mara nyingi ni virusi, na antibayotiki haiui virusi.

Duka la dawa walitaka kuniuzia vidonge vichache vya rangi mbili, bila hata kumtazama mtoto. Nikapita zangu. Zahanati wakaanza na kipimo cha malaria, kama kawaida ya huku, hana. Daktari akachungulia, akapapasa shingo, akauliza kuhusu kikohozi. Nikamjibu yote kwa mpangilio, akaniuliza nimesomea wapi! Akasema inaelekea ni bakteria, akaandika antibayotiki, amoksilini ya maji, siku 10. Asipomaliza, akasema, inaweza kufuata homa ya baridi yabisi, ile inayoharibu vali za moyo. Nimrudishe haraka akishindwa kufungua mdomo, akitokwa na udenda, au koo likivimba zaidi upande mmoja. Hela yote niliyolipa haikufika aliyotaka fundi.

Homa ilipokatika, nyumba nzima ikaniambia niache kumtesa mtoto na dawa. Nikaweka alamu kwenye simu, chupa nikaipandisha juu ya kabati, akanywa mpaka ikaisha.