Akatoka, akapiga hodi

Jumapili, baada ya Alasiri. Baba yuko barazani na wenzake. Mimi nimekaa ndani karibu na dirisha, naandika haya kabla hayajanipotea.

Jana usiku tulikwenda Wawi, hapa hapa Pemba, kumtazama mchekeshaji. Ni kijana wa Unguja ambaye mwaka huu jina lake limepanda kwa kasi. Klipu zake zinazunguka kwenye simu za wanafunzi wangu, na asubuhi naanza kuzisikia darasani kabla sijaziona mwenyewe. Ziara yake ilianzia bara, ikaja Unguja, ikamalizikia huku kwetu, usiku mmoja tu, katika Ukumbi wa Makonyo. Ukumbi ule tumezoea kuuingia kwa semina na mikutano, na nje yake, upepo ukigeuka, unapata harufu ya mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kutoka kiwandani. Kumwona mtu akisimama pale kwa ajili ya kutuchekesha tu, hilo kwangu lilikuwa jambo kubwa.

Lakini nilikwenda na moyo mzito. Klipu yake moja iliyosambaa kuliko zote ni ya Mpemba mwenye duka: anavyobana kipimo, anavyohesabu chenji mara tatu, anavyotamka. Wanafunzi wangu, Wapemba wenyewe, wanaicheka. Mimi sikuweza.

Nimekulia Magomeni, Dar es Salaam, mpaka darasa la sita, katika chumba cha nyuma ya duka la Baba. Waliokaa Dar wanajua: kuna kwa Mangi, yaani duka la Mchaga, na kuna kwa Mpemba. Mtoto akitumwa chumvi anaambiwa "nenda kwa Mpemba", na jina la Baba hakuna aliyelihitaji. Kipemba cha Baba ni cha Wete hasa, mtu ni ntu na mchele ni nchele. Kulikuwa na vijana wakija kununua sigara moja, wanaulizia bei ya mchele wasioutaka, ili tu wamsikie akilitaja neno lile. Analitaja, wanaangua kicheko, wanaondoka wakiliigiza mpaka kona ya mtaa. Baba anasema "karibuni tena". Mimi niko nyuma ya magunia nimekunja ngumi, mtoto wa miaka tisa.

Kumbembeleza Baba aende kulinichukua siku tatu. Uchekeshaji anaupenda, usidhani. Mzee Majuto wa Tanga, Amri Athumani, alipofariki Agosti 2018, Baba alimwombea dua kama ndugu yake. Ila kwa Baba mchekeshaji ni mtu mwenye mke mkali, jirani mbeya na mkwe asiyeambilika. Mtu mmoja na maiki, bila wenzake, hakumwelewa. "Sasa huyo anagombana na nani?" aliniuliza. Nikamwambia, na sisi tuliokaa. Akafikiri kidogo, akaomba nimpigie pasi kanzu.

Onyesho lilianza baada ya Isha. Wanawake kushoto, wanaume kulia, viti vya nyuma vikiwa vitupu. Kutoka nilipokaa nilimwona Baba kwa nyuma tu, mabega na kofia yake nyeupe iliyodariziwa kwa uzi wa kahawia. Saa moja na nusu nzima nilikuwa natazama vitu viwili, jukwaa na kofia ile.

Kijana aliingia mbio, muziki juu, "Mambo vipi Pembaaa!", na hapo hapo akaanza. Foleni ya Dar, kubanana kwenye mwendokasi, mpenzi anayeomba hela ya kusuka. Kwenye simu vitu hivi vinachekesha, nimeviona. Pale ukumbini vilianguka kimoja baada ya kingine. Hakuna aliyezomea. Mama aliyekaa kando yangu alijiziba mdomo kwa ncha ya mtandio na kumtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mgeni aliyekosea nyumba. Kijana akazidisha kasi. Jasho likaonekana. Dakika kumi za namna ile ni ndefu, na nilimhurumia kwa dhati, pamoja na yote niliyokuwa nimeyabeba juu yake.

Kisha akanyamaza. Akanywa maji, akachuchumaa kwenye ukingo wa jukwaa, akamwelekea mzee mmoja wa safu ya mbele.

"Mzee wangu, niambie kweli. Nimekosea wapi?"

Mzee hakuwa na maiki, ila ukumbi ulikuwa kimya na kila mtu alimsikia. "Hujakosea kitu, mwanangu. Umeingia bila hodi."

Kijana akainuka, akairudisha maiki kwenye kishikio chake, akashuka ngazi, akapita katikati yetu na kutoka nje kwa mlango mkubwa. Mlango ukafungwa. "Kamuudhi, masikini," alisema mama yule. Tukabaki tunaangaliana. Halafu mlango ukagongwa mara tatu, taratibu.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi wenyewe!"

Upande wetu ndio uliojibu kwanza, wanawake wote kwa pamoja: "Kariiibu!"

Akaingia, amevua viatu, amevishika mkononi. Akatoa salamu, ukumbi mzima ukaitikia. Na hapo akaanza kutusalimia safu kwa safu, bila maiki, bila haraka hata chembe. Shikamoo mzee. Mmeshindaje? Watoto wazima? Karafuu je, zimeshakauka? Mtu anajibu, naye anasubiri jibu mpaka liishe. Kisha analichukua na kulipeleka safu inayofuata: "Pale nimeambiwa karafuu bado mbichi, mvua haikuwapa nafasi ya kuanika. Nyinyi zenu zikoje?" Bibi mmoja akamjibu kwamba zake zimekauka tangu juzi. Akarudi mbio safu ya kwanza kwenda kuwapa habari ile, huku amejishika kichwa kama aliyebeba siri ya mji. Kufika safu ya tano watu walikuwa wanafuta machozi, na hajasema kichekesho hata kimoja. Salamu zetu ni ndefu, wageni hutucheka kwa hilo. Yeye aliziacha na urefu wake wote, akaingia ndani yake.

Aliporudi jukwaani alikuwa mtu mwingine, na sisi tulikuwa watu wengine. Akasema, "Ile ya Mpemba mwenye duka mmeiona." Hakuuliza. Kicheko kikakatika. Kofia ya Baba haikutikisika.

"Leo nitawapa ya ndani ya kaunta."

Akawa mwenye duka. Mchana kweupe anakuja kijana, anamwigiza anavyosema nchele, anacheka na wenziwe. Usiku wa manane, duka limefungwa, dirisha dogo linagongwa. Ni kijana yule yule, sauti imelegea, ghafla jina analijua: mzee wangu, baba yangu, naomba nusu kilo ya sukari, mwisho wa mwezi nakulipa. Mwenye duka hasemi neno. Anafungua kiganja chake kama daftari, analamba kidole, anafunua ukurasa. Anamtazama kijana. Anafunua mwingine. Anamtazama tena. Ukumbi ulikuwa umeshika pumzi. Kisha, kwa upole, kwa Kipemba kile kile: "Na ule nchele?"

Kofia ikaanza kutikisika. Kwanza kidogo, halafu mabega nayo, halafu Baba akainama mbele kabisa na nikaona mkono ukitafuta leso mfukoni. Mimi nililia. Daftari lile nalijua. Lilikuwa na jalada la bluu limefungwa kwa mpira, majina kushoto, madeni kulia. Aliyelipa hupigwa mstari. Wengi hawakupigwa mstari. Baba aliporudi Pemba alirudi nalo, liko kabatini pamoja na hati za nyumba.

Usiku nimelala nawaza. Neno lilikuwa lile lile walilomchekea Magomeni, na matamshi yale yale. Nadhani tofauti ni kwamba safari hii mwenye duka alijua zaidi kuliko mteja. Yeye ndiye aliyeshika kichekesho mkononi, akachagua wakati wa kukitoa. Baada ya hapo unaweza kumpa nchele mia na asidhalilike.

Yapo mengine aliyoyasema, ya boti ya Mkoani na watu wanaotapika kwa heshima, mazuri, ila mimi nilikuwa nimeshashiba.

Hili nalo nilitaje kwa sababu linaniuma. Wasanii wengi wakishafika Ngome Kongwe, kule Unguja, husema wamefika Zanzibar. Sauti za Busara huvuta watu Mji Mkongwe kila Februari tangu 2004, nalipenda tamasha lile, nimewahi kupanda boti usiku kulifuata. Lakini sensa ya 2022 imetuhesabu Pemba zaidi ya nusu milioni, na kuchekeshwa kwetu ni usiku mmoja mwishoni mwa ziara, mtu akiwa ameshachoka. Kijana huyu angekuja kwanza hapa, zile dakika kumi za Dar angezipunguza mwenyewe kabla hajafika kwingine. Nasema hivi kwa kumpenda. Arudi, na viti vya nyuma tutavijaza.

Baada ya onyesho alisimama mlangoni kuagana na watu, wanaume kwa mkono, sisi kwa kiganja kifuani. Zamu ya Baba ilipofika alimshika mkono na hakuuachia.

"Mwanangu, daftari ulilifungua mwanzo."

"Ndiyo, mzee."

"Mwanzo yako madeni ya zamani, na yule deni lake la juzi. Fungua kwa nyuma, urudi mbele pole pole. Ndipo ataogopa."

Kijana alimtazama, akatoa simu yake, akaandika. Akauliza, "Kwa nyuma, urudi mbele?" Baba akamlambia kidole na kumwonyesha hewani, ukurasa kwa ukurasa, watu nyuma yao wakisubiri kutoka.

Gari za 606, zile za abiria za kwenda Wete, zilikuwa zimeshalala, tukarudi Wete kwa gari la binamu. Njiani Baba alitaja jina la fundi cherehani mmoja wa Magomeni, na kilo mbili za sukari, na mwaka. Sikuwahi kumsikia akilitaja duka kwa kucheka.

Sasa hivi namsikia barazani. Amewatoa wenzake mpaka njiani na kuwataka waingie upya kwa hodi, wazee watu wazima, nao wamekubali. Amefika kwenye dirisha dogo. Amenyamaza. Anafunua kutoka nyuma.