Kijiji cha Kaka na ile herufi C

Fundi wetu wa nguo hapa mtaani sote twamuita Kaka, na yeye hujichekea tu, manake kwa Kigujarati kaka ni ami, ndugu ya babako, kwa hivyo hata vikongwe wa mtaa huu wamuita ami na hawana habari. Kazaliwa hapahapa Mombasa, Kiswahili anipita mimi. Juzi nimempelekea suruali ya kupunguza akaniambia, mwanangu, wewe si una bando kwa simu, hebu nitafutie kijiji cha babu yangu, kiko Kutch huko Gujarat, India, babu alipanda jahazi bandari ya Mandvi wakati wa kaskazi na tangu hapo hakuna aliyerudi kukaa.

Nikasema dakika tano tu Kaka. Wapi! Sensa ya India ya 2011 ina vijiji zaidi ya laki sita (na laki yenyewe neno lao), majina yafanana na kila karani kaandika anavyosikia, suruali imeshapigwa pasi mimi bado nateremsha jedwali.

Tukakipata. Mstari mmoja. Nyumba, watu, wanaume, wanawake, watoto wa chini ya miaka 7 peke yao kwa sababu wanaojua kusoma huanza kuhesabiwa kutoka 7. Halafu ukienda upande wa usafiri, kama kitu hakipo kijijini hawakuandikii kilomita wakuwekea herufi: A ni chini ya kilomita 5, B ni 5 mpaka 10, C ni zaidi ya 10. Basi la abiria, A. Stesheni ya treni, C. Kaka akauliza, C ni kilomita 11 ama 60? Jedwali kimya.

Na hiyo A msiione hivi. Kilomita nne na nusu pia ni A, sasa mtembeze bibi mgonjwa kilomita nne na nusu kwa jua la Kutch, kule kukame kweli. Nikakumbuka kwetu ndani Kinango, matatu yakushusha mjini, kutoka hapo ni bodaboda, na mvua ikinyesha bodaboda mwenyewe akwambia shuka tusukume. Sijui sisi wangetupa herufi gani.

Lakini kilichoniacha mdomo wazi ni kwamba idadi ya watu na barabara ni kitu kimoja. Kuna mpango wa serikali yao ulianza 2000, Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana, wa kupeleka barabara ya kupitika masika na kiangazi, na kipimo walichoanza nacho ni watu 500 kwenda juu kwa sehemu za tambarare, milimani na jangwani 250. Sasa mko 480 huko tambarare mwafanyaje, mzae haraka? Nikamwambia Kaka rudini basi mjazie hesabu. Akasema sisi mushatuhesabu nyinyi. Na ni kweli wallahi, 2019 Mombasa tulitoka 1,208,333 na Kaka yumo humo, sensa ya India hesabu yake ni walioko India, kwa hivyo kila nyumba iliyopanda jahazi ilipunguza kidogo haki ya barabara ya waliobaki na hakuna aliyejua.

Yeye alienda mara moja ujanani. Kutoka basi lilipoishia alipanda chhakda, mbele pikipiki ya Bullet, nyuma ubao wa kukalia, watu wamepeana migongo na mbuzi katikati, asema tuktuk za hapa ni kitanda cha hoteli. Nikacheka mpaka wateja wakageuka.

Sensa yao ya 2021 iliahirishwa, sasa imepangwa 2027. Kaka kaandika namba ya kijiji kwa chaki ukutani juu ya cherehani, asema 2027 nije tuangalie kama ile C imesonga.

Suruali lakini kaipunguza kupita kiasi, yanibana, na siwezi kumwambia.