Waya wa Feni: Nilivyoifufua Peugeot 504 ya Baba, Moshi

Kila fundi aliyelisogelea gari la baba alianza kwa kutikisa kichwa. "Mama, hii Pijo. Hizi zinachemsha." Wa kwanza alisema hivyo Majengo, wa pili Pasua, wa tatu alisema kabla hata boneti haijafunguliwa. Hiyo ilikuwa mwaka 2019. Nilikuwa nimekwisha kuapa kwamba gari lile halitaenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, ila jibu la kuwapa mafundi sikuwa nalo. Lilikuwa limelala miaka 13 chini ya mparachichi nyumbani kwetu Kibosho, na picha ya mwisho niliyobaki nayo ni mvuke mweupe ukitoka mbele, baba amekaa kwenye jiwe kando ya barabara na dumu la maji, anasubiri lipoe.

Ni 504 ya familia, ile ndefu yenye safu 3 za viti na gia kwenye usukani. Baba aliinunua Nairobi mwaka 1974, akiwa mhasibu katika biashara ya kahawa. Alipenda kutusimulia kwamba hao Wafaransa wa Peugeot, kabla hawajajua gari, walikuwa wakitengeneza misumeno, na tangu 1840 vinu vya kusagia kahawa. Na kwamba simba wa nembo alianzia kwenye misumeno, kwa sababu ya ukali wa meno. Kwa Mchaga aliyesomeshwa kwa kahawa na kujenga kwa kahawa, hilo halikuwa jambo dogo.

Kilichomshika hasa, hata hivyo, ni Safari Rally. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo, na katika hizo, ya 1966 na ya 1967 ilikuwa mikononi mwa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapahapa Tanzania. Mwaka huo wa 1968 ndipo 504 ilipozinduliwa, na 1969 ikachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya. Ove Andersson akashinda nayo Safari mwaka 1975, Jean-Pierre Nicolas akarudia 1978. Watu wa huku hawakuhitaji tangazo. Tope walilolijua wao na vumbi walilolila wao, gari hili lilikuwa limepita humo likatokea upande wa pili likiwa zima. Na bei yake ilikuwa ya katikati: si Mercedes ya waziri, tena si Land Rover ya kuvunja mbavu. Mwenye shamba la kahawa linalozaa vizuri, au mfanyabiashara wa sokoni, angeweza kuliota na siku moja akalipata.

Siri ya ile ndefu ilikuwa nyuma. Ekseli yake ni nzima, chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, na ina springi 2 kila upande, jumla 4. Ndiyo maana ilibeba magunia, mikungu ya ndizi na watu 9 bila kukaa chini kama mbwa. Nikiwa mtoto niliziona zimejipanga stendi Arusha, zikijaza abiria wa Namanga, dereva akipiga kelele "bado mmoja" wakati ndani hakuna pa kupenyeza hata mkono.

Nilipoanza kutafuta namna ya kulifufua, nilifanya jambo moja ambalo sasa naliona ndilo lililoniokoa: niliwatafuta wazee waliowahi kuzimiliki, nikawasikiliza malalamiko yao na kuyaandika. Dereva mstaafu wa Arusha, mwalimu wa Machame, mama mmoja aliyekuwa na duka Himo. Kutu kwenye sakafu, walisema. Spea hakuna. Mafuta inakunywa. Na wote, bila kuacha mmoja: inachemsha mlimani. Nilipowauliza ilianza lini kuchemsha, hakuna aliyetaja miaka ya 70. Kila mmoja aliangukia katikati ya miaka ya 80 au baada yake. Mwalimu wa Machame alishtuka mwenyewe aliposikia jibu lake. "Kweli eti. Zamani ilikuwa inapanda na kwaya nzima."

Gari haliamki siku moja likaanza kuchemsha nchi nzima. Kuna kitu kilikuwa kimetokea, na kilitokea nje ya gari.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Kwa mwenye Peugeot wa Moshi, Nairobi ndiyo ilikuwa duka la spea. Ghafla likafungwa kwa miaka 6, na fedha za kigeni za kuagiza kutoka kwingine hazikuwepo. Baba alikuwa akichonga bushi za mpira kutoka kwenye tairi kuukuu. Mpaka ulipofunguliwa, Ufaransa nayo mwaka huohuo ikaacha kuunda 504 za abiria. Ziliendelea kuunganishwa Kaduna kule Nigeria, walikoanza mwaka 1975, na Mombasa, hadi miaka ya 2000, lakini kwetu ilikuwa imekuja enzi ya Mzee Ruksa. Milango ikafunguliwa, na iliyoingia ni mitumba ya Japani, usukani upande wetu, spea kila kona.

Kampuni yenyewe nayo ilikuwa na mizigo yake. Iliichukua Citroën mwaka 1976, ikainunua Chrysler ya Ulaya mwaka 1978, ikaingia miaka ya 80 ikipata hasara kubwa. Kilichoiokoa ni 205 ya mwaka 1983, gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele, zuri kwa barabara za Ulaya. 505 iliyorithi nafasi ya 504 ikawa ya mwisho kuvuta kwa magurudumu ya nyuma. Mwaka 1991 walifunga virago Marekani. Mwaka 2014 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba serikali ya Ufaransa na kampuni ya Dongfeng ya China ziliingiza fedha, kila moja ikachukua asilimia 14 ya hisa. Mimi sisemi walikuwa mafundi wabaya. Nasema waligeuza uso wakamtazama mteja mwingine, na sisi wa barabara ya kwenda Kibosho tukabaki na magari yao pamoja na mafundi ambao hakuna tena aliyewafundisha.

Hili la mwisho lilinigharimu. Gereji ya kwanza niliyolipeleka walitoa thamostati, kile kilango kinachofungulia maji njia ya rejeta yakipata moto, wakaitupa, "haina kazi nchi za joto", wakaniuzia rejeta mpya kwa shilingi 450,000. Gari likachemsha nikiwa sijafika hata nusu ya mlima. Wakasema ni gasketi, wakafungua silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Hedi ikiwa juu ya meza, kijana akapiga stata ili "kuangalia pistoni". Nilikuwepo, nikaona, sikujua nilichokiona. Walipofunga na kuwasha, oili kwenye kijiti ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Nililia siku ile, sioni haya kusema. Nikalivuta gari hadi nyumbani, likakaa miezi 7 mingine.

Yule dereva mstaafu wa Arusha ndiye aliyenipeleka kwa mzee mmoja Ngarenaro, fundi tangu ujana wake, mikono imekunjamana kama mizizi. Nilimwamkia, nikaanza kusimulia. Nilipofika kwenye stata alinikatiza.

"Walipiga stata hedi ikiwa nje?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi slivu zimenyanyuka, hiyo mirija ambamo pistoni zinapanda na kushuka. Hiyo injini, binti yangu, slivu zake zimekaa ndani ya maji, zinatolewa kwa mkono. Chini zina kizibo chembamba. Hedi ndiyo inazikandamiza. Ukiitoa hedi, unazifunga kwanza kwa vyuma, ndipo uzungushe. Usipozifunga zinapanda na pistoni, kizibo kinaachia, maji yanakwenda kwenye oili."

Alikuja Kibosho na basi, akiwa na vyuma bapa 2 alivyovitoboa mwenyewe kwa kazi hiyo, miaka mingi iliyopita. Mimi nilikwenda Nairobi, nikazunguka Barabara ya Kirinyaga siku nzima hadi nikapata seti ya gasketi, vizibo vya slivu na thamostati. Pikapu za 504 ziliendelea kuuzwa Kenya muda mrefu baada ya gari la abiria kusahaulika, kwa hiyo vitu bado vipo, ila muulize mzee wa duka, si kijana wa kaunta. Tulizitoa slivu zote 4, tukasafisha mahali zinapokalia kwa kitambaa na subira, tukabadilisha vizibo, na mzee akapima kwa geji kila moja inavyochomoza juu ya bloku kabla ya kurudisha hedi. Akakaza boliti kwa mpangilio wake, kutoka katikati kwenda nje, kwa spana ya kipimo. Oili ikabaki oili.

Lakini gari bado lilipandisha joto tulipoliacha likiunguruma limesimama. Nikamwambia mzee yale ya wazee wangu watatu: tambarare kwenda Boma Ng'ombe haina shida, mlimani taratibu ndipo linachemsha. Alinyamaza. Akaomba gazeti.

Alilikunja likawa kama fimbo, akaliingiza kwa uangalifu kwenye mapanga ya feni, injini ikiwa inanguruma. Nilipiga ukelele. Feni ikasimama, tuli, huku injini ikiendelea kama kawaida.

"Umeona? Hii haizungushwi na mkanda. Inafuata mkumbo tu."

Feni ya 504 si ya kuzunguka muda wote. Ndani ya kitovu chake kuna sumaku ya umeme. Maji yakipata moto, swichi iliyo kwenye rejeta inapeleka umeme, kipande cha kaboni kinaufikisha kwenye kitovu kinachozunguka, sumaku inashika, na hapo ndipo feni inavuta upepo kwa nguvu. Maji yakipoa, inaachia, mafuta yanaokolewa. Kaboni ikiisha, au waya ukikatika, mapanga yanaendelea kuzunguka kwa uvivu, na kila anayetazama anasema feni ni nzima. Gari likienda mbio upepo wa barabarani unatosha. Likipanda mlima kwa gia ya pili, hautoshi.

Tulifuata waya. Ulikuwa umekatwa kwa koleo, ncha zimefungwa utepe mweusi.

Usiku ule nilifungua sanduku la baba nikatoa daftari la gari. Mhasibu hatupi daftari. Kurasa za 1986, kwa mwandiko wake ulionyooka: "Kaboni ya feni imekwisha. Moshi hakuna, Arusha hakuna. Fundi amekata waya. Ikipatikana, kurudisha." Haikupatikana. Miaka 20 alisimama kwenye jiwe lilelile na dumu la maji, na sisi watoto tukadhani ndiyo tabia ya Pijo.

Kaboni ya asili sikuipata hata Nairobi. Mzee aliichonga kutoka kwenye kaboni ya stata, akiisugua kwa msasa juu ya kioo hadi ikateleza vizuri kwenye nyumba yake. Akarekebisha mwanya wa sumaku kwa skrubu zake, mdogo sana, lakini usiogusa. Swichi ilitoka kwenye pikapu iliyokufa. Waya mpya niliuunga mwenyewe, yeye akinishikia tochi. Kwa anayemiliki moja na anasumbuka: anza hapo, jaribu gazeti injini ikiwa imepata moto, kabla hujamruhusu mtu yeyote aguse hedi. Na usiweke maji matupu ya bomba. Hedi ni ya aluminiamu, inaliwa. Kulanti, dawa ya maji ya rejeta, ni bei nafuu kuliko machozi.

Agosti 2021 nilimchukua mama mjini tukapanda nyumbani. Alikaa mbele, mkoba magotini. Nilipanda gia ya pili, macho kwenye mshale wa joto, mikono imelowa usukani. Mshale ukapanda, ukapita katikati, ukaendelea. Kwenye kona ya kanisa, mbele yetu pakalia kitu: tak. Halafu mvumo mzito wa upepo. Mshale ukasimama, ukaanza kushuka.

Mama akainua kichwa. "Hiyo nini?"

"Feni, mama. Imeshika."

Akatazama nje, kwenye migomba, muda mrefu kidogo.

"Naijua," akasema. "Ilikuwa inalia hapahapa."