Usinunue gari wala viti kabla ya kusoma sera ya kaunsili

Wabongo na Wakenya wa Uingereza hukutana na idara ya leseni ya kaunsili kwa milango miwili: teksi, au mkahawa unaotaka kutoa meza nje. Sheria ni tofauti, makaratasi ni tofauti, ila kosa ni lile lile. Mtu anatoa hela kwanza, masharti anayasoma baadaye. Gari limeshakopewa, viti vya chuma vimeshashushwa mlangoni, ndipo anaambiwa gari ni la zamani kuliko sera inavyoruhusu, au njia ya miguu mbele ya duka lake haitoshi hata stuli.

Tuanze na teksi. Ninazungumzia England nje ya London, maana London wanashughulikiwa na TfL, mamlaka ya usafiri ya jiji hilo, na Scotland wana utaratibu wao.

Jua kwanza unaomba nini. Teksi ya stendi ndiyo inayoruhusiwa kusimamishwa kwa kupungiwa mkono, na sheria yake mama ni ya mwaka 1847, enzi za farasi. Gari la kuagizwa, yaani hili la Uber, Bolt na ofisi za mtaani, liko chini ya sheria ya 1976 na halibebi mtu ambaye hajaoda. Ukimchukua aliyekupungia nje ya klabu saa nane za usiku, umevunja sheria, na bima yako inaweza isikutambue kwa safari ile. Halafu gari la kuagizwa lina leseni tatu: ya dereva, ya gari, na ya kampuni inayopokea oda. Zote tatu lazima zitoke kaunsili moja. Ya dereva kwa kawaida ni miaka 3, ya kampuni 5, ya gari haizidi mwaka 1. Ndiyo maana pleti ya Wolverhampton unaiona ikizunguka miji ya mbali kabisa: zikiwa tatu zimelingana, gari linaweza kufanya kazi popote. Ila dereva wa kaunsili moja hawezi kuazima gari lenye pleti ya kaunsili nyingine kwa sababu la kwake liko gereji.

Sasa makaratasi, na hapa fuata mpangilio wa muda: kinachochelewa ndicho kianze.

Leseni ya udereva. Sheria inataka uwe nayo angalau miezi 12, na kaunsili nyingine zinataka zaidi ya hapo. Leseni ya Kenya au Tanzania haibadilishwi DVLA, idara ya leseni za udereva. Inakuruhusu kuendesha mwaka mmoja tu tangu uhamie, kisha unafanya mtihani kama mwanafunzi. Aliyepita Dubai na kupata leseni ya Emirati kwa mtihani wa kule ana nafuu, ile inabadilishwa. Ya Oman haibadilishwi.

Cheti cha tabia njema kutoka nje. Viwango vya kitaifa vya 2020 vinataka rekodi ya polisi ya kila nchi uliyokaa miezi 3 au zaidi mfululizo. Watu wanafikiri ni nchi ya kuzaliwa tu. Aliyefanya kazi Muscat miaka miwili kabla ya kuja Leicester anadaiwa na cha Oman pia. Alama za vidole, ubalozi, posta, tafsiri ya Kiarabu: hesabu miezi, usihesabu wiki. Anza nacho kabla hujaomba chochote kingine.

DBS, yaani cheti cha rekodi ya makosa ya jinai. Wengi wetu tumefanya kazi za kutunza wazee na tunayo DBS ya daraja la juu tayari, basi mtu anaibeba hadi kaunsili akiwa na furaha. Haitumiki. Ile imetolewa kwa kundi la kazi za watu wazima. Ya teksi hutolewa kwa kundi la kazi nyinginezo, ikiwa na ukaguzi wa orodha zote mbili za waliozuiwa, ya watoto na ya watu wazima. Utalipia mpya. Ikifika nyumbani, jiunge na huduma ya kuihuisha ndani ya siku 30 tangu tarehe iliyoandikwa kwenye cheti, si tangu siku uliyofungua bahasha. Kaunsili inatakiwa kuikagua kila miezi 6, na ukikosa hizo siku 30 unarudi mwanzo na kulipa upya.

Afya. Kaunsili nyingi zinatumia kipimo cha kundi la 2 cha DVLA, kile cha madereva wa malori na mabasi. Kisukari cha sindano na macho ndivyo vinavyokwamisha watu. Kapime macho kwanza, ndipo ulipie daktari.

Mengine yanapita haraka: ukaguzi wa haki ya kufanya kazi, mafunzo ya kulinda watoto na watu walio hatarini, mtihani wa Kiingereza na wa njia. Usifiche kunyimwa au kufutiwa leseni kwingine. Tangu Aprili 2023 kila kaunsili ya England inalazimika kutazama na kujaza rejista ya kitaifa ya walionyimwa, waliofutiwa na waliosimamishwa, na jina linakaa humo miaka 11. Uongo kwenye fomu mara nyingi unaumiza kuliko kosa lenyewe.

Gari ndilo linanunuliwa mwisho. Soma sera: umri wa gari siku ya kuomba mara ya kwanza, kiwango cha moshi, giza la vioo vya nyuma, idadi ya viti. Kioo cheusi cha kiwandani kinaonekana kizuri barazani kwa muuzaji, kaunsili ikakwambia ubadilishe. Bima iwe ya kubeba abiria kwa malipo. Na kuna jambo linalovunja nyumba za watu: gari likishapata pleti, ni gari la leseni saa 24. Mkeo au mwanao asiye na beji ya teksi haruhusiwi kuliendesha, hata kwenda kununua maziwa Jumapili, hata bila abiria. Mahakama zimeshalisema hilo zamani. Kama familia ina gari moja tu, piga hesabu upya.

Ukishapata leseni, shika tarehe tatu. Ajali iliyoharibu gari kwa namna inayogusa usalama au mwonekano wake, ripoti ndani ya saa 72. Ukikamatwa au kushtakiwa kwa makosa yaliyotajwa kwenye masharti, viwango vya kitaifa vinataka ndani ya saa 48. Na siku ya kuhuisha unahitaji msimbo wa herufi na namba 9 kutoka HMRC, mamlaka ya kodi, unaoonyesha umejisajili kwa ushuru. Mhasibu wako hawezi kukuchukulia, lazima uuchukue mwenyewe, na unakufa baada ya siku 120. Ukinyimwa leseni ya dereva, rufaa ni siku 21, mahakama ya hakimu.

Tuje kwenye viti. Leseni ya meza za nje ilikuja kama dharura ya Covid mwaka 2020, ikafanywa ya kudumu tarehe 31 Machi 2024. Ada haiwezi kuzidi pauni 500 kwa mwombaji mpya na 350 kwa anayehuisha. Kaunsili nyingine zinatoza chini ya hapo. Inadumu hadi miaka 2 na inabeba ndani yake kibali cha mipango miji, ila kwa vitu vinavyoondoleka tu: meza, viti, miavuli, vizuizi, vipasha joto. Ubao wa matangazo wa kusimama si sehemu yake.

Kazi yote iko kwenye futikamba. Chukua njia ya miguu ya mita 3.4 toka ukuta hadi ukingo wa barabara. Inaonekana pana. Lakini kuna nguzo ya taa, na upande wake wa ndani uko sentimita 60 kutoka ukingoni. Zimebaki mita 2.8. Mwongozo wa serikali unataka angalau mita 1.5 iwe wazi kwa wapita njia, ili kiti cha magurudumu na mtu anayetembea wapishane. Zimebaki 1.3. Meza ya sentimita 60 ukutani, na kiti mbele yake chenye mtu aliyekaa hula kama 75: jumla 1.35. Umepitiliza kwa sentimita 5, na mkaguzi atakupima mtu akiwa amekaa, si kiti kikiwa kimesukumwa chini ya meza. Dawa yake ni kugeuza: viti viwe kushoto na kulia kwa meza, migongo isielekee barabarani. Hapo unahitaji sentimita 60 tu kutoka ukutani, na hata kaunsili inayodai mita 2 wazi utaiweza. Chora hivyo kwenye ramani, na vipimo viandikwe. Nguzo, pipa la taka na mti vionekane. Mchoro usio na nguzo ya taa ndio unaorudishwa.

Siku unayotuma maombi, bandika tangazo dirishani siku hiyo hiyo, lisomeke kutoka nje, na lipige picha. Watu wanapewa siku 14 za kutoa maoni, sikukuu hazihesabiwi, kisha kaunsili ina siku 14 za kuamua. Ikinyamaza hadi muda uishe, leseni inahesabiwa umeipata kwa miaka 2. Lakini tangazo likiwa lilichelewa hata siku moja, ukimya huo haukusaidii. Ukikataliwa, sheria hii haina rufaa. Unarekebisha mchoro na kuomba upya.

Kabla ya hayo yote uliza kaunsili ramani ya barabara za umma. Ukanda mbele ya duka wakati mwingine ni wa mwenye nyumba, na hapo leseni hii haihusiki kabisa. Unazungumza na mwenye nyumba na idara ya mipango. Bima ya madhara kwa umma huombwa mara nyingi ya pauni milioni 5.

Moshi unasahauliwa. Sharti la kitaifa ni kutenga viti visivyovutwa sigara, bila vibweta vya majivu, na mwongozo unashauri mita 2 kati ya pande hizo. Shisha ni uvutaji sawa na sigara. Ukishusha mapazia ya plastiki ya mwavuli pande tatu kwa sababu ya baridi, eneo linaweza kuhesabiwa limezibwa, na shisha ndani yake inakuwa kosa.

Kwa pombe, nafuu ya Covid iliyoruhusu baa kuuza ya kunywewa nje ya baa bila kubadili leseni ilikwisha Machi 2025, hivyo angalia leseni yako inasemaje. Na usiku, ingiza viti ndani. Samani iliyo nje bila leseni kaunsili inaweza kukuandikia notisi uiondoe, ukikaidi inaibeba na kukudai gharama, na usipolipa ndani ya miezi 3 inaruhusiwa kuiuza.