Siku moja maishani mwangu: Jumamosi ya kabla ya Pasaka na mikate 24

Saa tisa usiku. Naingia jikoni na soksi miguuni kuwatazama wagonjwa wangu watatu. Ndivyo mume wangu anavyoyaita yale mabeseni: yamelala juu ya meza, kila moja limefunikwa kitambaa, kisha blanketi, na la mwisho nimelivika koti langu la baridi. Kila beseni lina unga ratili 5, yaani kama kilo mbili na robo, mayai 12, sukari vikombe vitatu, siagi, maziwa, hamira, na ganda la limau nililolikuna kama nakuna nazi. Niliyakanda jana saa tatu usiku. Kwa kawaida saa hii unga umeshafika ukingoni. Natia mkono chini ya blanketi. Baridi. Nafunua: donge liko vilevile nilivyoliacha, na msalaba uliochorwa juu yake haujapanuka hata kidogo.

Msalaba, ndiyo. Mimi ni Mwislamu wa Mombasa, naishi Fall River, Massachusetts, Marekani, mji wa viwanda vya zamani vya nguo na nyumba za mbao za orofa tatu, ambako ukipiga chafya mtaani kwetu utaombewa heri kwa Kireno. Mkate huu unaitwa massa sovada, maana yake unga uliokandwa ukakandika, nao ni mkate mtamu wa watu wa Azores, visiwa vya Ureno katika bahari ya Atlantiki. Aliyenifunza ni bibi wa orofa ya chini, sote tunamwita Vavó, yaani nyanya. Alikuja msichana mdogo kutoka kisiwa cha Faial, baada ya volkano ya Capelinhos kulipuka mwaka 1957 na majivu kufukia nyumba na mashamba. Mwaka uliofuata Marekani ikatunga sheria ya kuwapokea. Jioni hupanda ngazi polepole, huchora msalaba kwenye unga kwa ubavu wa kiganja na kunong'ona dua yake. Mimi bismillahi yangu nimeshaisema wakati wa kupima. Mkate haujawahi kulalamika.

Hita ya nyumba imezimika usiku, hilo ndilo tatizo. Nampigia mwenye nyumba, simu inaita mpaka inakata. Nje ni Aprili ya huku, yaani baridi inayojifanya imeondoka.

Nataka mwelewe kwa nini hili ni balaa. Unga wa mahamri ukiukanda unaumuka baada ya saa moja au mbili, unaendelea na maisha yako. Huu una sukari nyingi, na sukari huinyima hamira maji. Siagi na mayai nayo huulemaza. Hata penye joto zuri unataka usiku kucha. Penye baridi unalala kama mtu aliyemeza dawa. Wala huwezi kuulazimisha: ukiutia kwenye joto kali, hamira inakufa, na mayai 36 yamekwenda na maji. Tangu bei ya mayai iliporuka mwaka 2025 kwa ajili ya mafua ya ndege, mimi yai silivunji bila kulihesabu.

Basi nikaanza kuhamahama. Beseni la kwanza ndani ya oveni iliyozimwa, taa yake tu inawaka, na sufuria ya maji ya moto chini yake. La pili bafuni: nimefungulia maji ya moto ya shawa mpaka mvuke ukajaa, nikafunga mlango. La tatu nikalikumbatia kitandani, chini ya duveti. Mume wangu alirudi saa kumi na moja kutoka zamu yake ya usiku New Bedford, kwenye kiwanda cha samaki, akakuta mahali pake pamechukuliwa. Akalala kwenye kochi bila neno. Huyo ndiye mume.

Saa mbili unga umeumuka. Saa mbili na nusu tumeugawa, kila beseni mikate minane, nikaiviringa na kuiweka kwenye tini iumuke mara ya pili. Mara ya pili nayo huchukua muda wa saa mbili. Oveni yangu inabeba mikate minne, kila safari dakika 40. Safari sita. Piga hesabu mwenyewe, maana wateja nimewaambia waje kuanzia saa nane mchana.

Saa nne na nusu safari ya kwanza imeingia, na ndipo mama mmoja, mteja wangu, akapiga simu.

Wiki mbili zilizopita aliagiza mikate miwili. Leo anataka mitano, na kila mmoja uwe na yai zima na ganda lake katikati, limefungwa kwa vijiti vya unga, yaani folar ya Pasaka. Namwambia, bibie, unga umeshaviringwa, na mikate yote ina wenyewe. Akanijibu, "Lakini ni unga tu." Huku namsikiliza, huku natazama kioo cha oveni, kwa sababu mkate huu, kwa sukari yake na yai nililoupaka juu, hugeuka mweusi ukiupa kisogo. Baada ya dakika 20 lazima uufunike foili. Anasema mama yake alikuwa akiongeza tu wageni wakija. Anasema jamaa meza nzima wanamjia kutoka Providence. Nafungua oveni simu ikiwa begani. Mmoja umeshaungua pembeni.

Nikamwambia miwili, saa kumi na moja jioni.

Alikuja saa tisa. Nilikuwa safari ya tano, uso umeniiva kuliko mikate. Akanitazama kuanzia ushungi hadi makubazi. "Anayeoka ni nani?" Mimi. "Nilidhani ni yule mzee wa chini." Anataka mkate wake sasa hivi. Namweleza umetoka oveni sasa hivi, ukiufunga wa moto mvuke unaulowesha, ungoje saa moja. Hataki. Akauchukua, akaupindua, akaugonga chini kama mtu anayenunua tikiti maji, akaunusa. "Limau," akasema. "Mama yangu hakutia limau." Kisha akaanza kuulizia bei, dola 10, mbona dukani ni nafuu. Nikamwonyesha lebo: viungo vyote, ngano, maziwa, mayai, kama idara ya afya ya mji inavyotaka kwa aliyepewa kibali cha jiko la nyumbani. Nikamwonyesha viganja vyangu pia, lakini hivyo hakuvisoma. Akalipa. Akaondoka na mifuko miwili iliyoanza kutoka jasho kabla hajafika ngazi ya chini.

Nyumbani Mombasa wakipiga simu huniuliza, "Kwani bado huna kazi?" Wakisikia naoka, wanasema afadhali, nimepumzika nyumbani.

Baada ya hapo saa sikuzitazama tena. Watu walikuja, wakachukua. Mzee mmoja alisimama mlangoni akaumega mkate wake palepale, akala kipande amefumba macho, akaniita filha, binti. Vavó alipanda kwa ajili ya wake. Nilipomsikia mara ya kwanza akisema mesa, niligeuka kuitazama meza, maana neno ni la Wareno, tulilichukua tangu enzi za Fort Jesus. Leo alikaa kwenye hiyo meza, akatafuna, akatafuna sana, akasema sukari imepungua. Kwake hiyo ni sifa. Siku mkate ulipoharibika hakusema kitu, alimega tu akaniwekea mkono begani.

Swala nimezidaka hapa na pale. Ule mkate ulioungua nilikata pembe yake, tukaula na chai ya tangawizi, binti yangu akiuliza kwa nini haujatiwa iliki. Niliosha mabeseni, nikakunja blanketi, nikarudisha koti msumarini.

Saa nne usiku, nimeshajilaza, mabomba ukutani yakaanza kugonga. Ko, ko, ko. Hita imerudi.