Neno la shemeji

Shemeji alilisema mara moja tu, kuhusu Richard Childress, mwenye timu ya mbio za magari za NASCAR hapa Marekani, akaenda zake kununua soda. Nimebaki nalo mimi.

"Mtu kaendesha mbio 285, hajashinda hata moja, leo ana timu. Atamfundisha nani?"

"Alimfundisha bingwa, Dale Earnhardt."

"Bingwa hafundishwi na aliyeshindwa, shem."

Wiki hii Rehema kahamia nyumba yake mwenyewe na kazini tumeletewa meneja mpya, lakini nikilala ni hilo, nikifunga nati ni hilo. Mnajua Richard Childress kwangu si mtu wa kusemwa ovyo. Karakana yake iko Welcome, hapa hapa North Carolina.

Alianza kwenye uwanja wa Talladega mwaka 1969, siku madereva wakubwa walipogoma kwa sababu tairi zilikuwa zikichanika kwa kasi ya uwanja huo. Baada ya hapo akajitegemea: gari lake, fedha yake. Dereva wa namna hiyo hawezi kuikamua injini mpaka mwisho, maana ikipasuka hana nyingine ya Jumapili ijayo. Anaendesha ili amalize, kwa kuwa anayemaliza hulipwa zaidi. Mwaka 1975 alikuwa wa 5 kwa pointi bila ushindi hata mmoja. Huko ndiko kulijua gari.

Na gari la mbio za duara linataka kujuliwa. Tairi ya nyuma kulia huwa na mzingo mkubwa kuliko ya kushoto, ili gari lijipinde kushoto lenyewe, kama kikombe cha plastiki ukikilaza mezani na kukisukuma. Ukizidisha tofauti hiyo, mkia unakimbia wakati wa kutoka kwenye kona, na tairi ya kulia inaungua mapema. Ukiipunguza mno, pua inagoma kukata.

Halafu kuna ile skrubu juu ya springi ya nyuma. Enzi za Earnhardt fundi alipenyeza spana ndefu kwenye tundu la kioo cha nyuma na kuizungusha gari likiwa limesimama kubadilishiwa tairi. Ukiikaza ya kushoto, uzito unaongezeka kwenye tairi hiyo na pia kwenye ya mbele kulia. Zile mbili nyingine zinapungukiwa. Mkia unatulia, pua inakuwa nzito. Ukiilegeza, ni kinyume chake. Nusu mzunguko tu dereva anausikia. Tatizo ni kwamba upepo wa tairi nao unapanda kadiri zinavyopata moto, kwa hiyo gari lililokaa sawa mizunguko mitano ya kwanza laweza kuharibika kufika wa ishirini. Lazima aliye nje aelewe dereva analalamikia nini: pua, au mkia uliomfanya aogope kukata kona? Dawa ya moja ni sumu ya nyingine.

Agosti 1981 Childress alishuka kwenye gari lake namba 3, akampa Dale Earnhardt, bingwa wa 1980. Msimu ulipoisha akamshauri aende timu nyingine, kwa kuwa yake ilikuwa haijafikia kiwango chake. Hapo ndipo ninapomheshimu kuliko popote. Nani mwingine angemwachia bingwa aondoke? Akaijenga timu na dereva Ricky Rudd, wakapata ushindi wa kwanza uwanja wa Riverside mwaka 1983. Earnhardt akarudi 1984, na pamoja wakachukua ubingwa mara sita: 1986, 1987, 1990, 1991, 1993 na 1994.

Haya yote nilikuwa nimeyapanga kichwani nimmwagie Shemeji Jumapili. Ijumaa mke wangu akanieleza, huku anachambua mchicha, kwamba kampuni imemshusha kaka yake kwenye lori kwa ajili ya macho. Wamempa meza, awe anawapangia vijana safari na kuwafundisha njia za milimani.

Kumbe alikuwa anauliza kweli.

Sasa nataka kumweleza habari ya 1981 taratibu, bila ubishi, na siku moja nitamchukua twende Welcome, akalione gari jeusi la Earnhardt kwa karibu.

Lingine: mvua zimeshaanza kunyesha Muheza, na fundi wa paa la Mama amekula nusu ya fedha, bati hata moja hajapandisha. Simu yake inaita tu. Kesho namtuma Musa.